Mstari wa Saini ya Pili

3 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka huku kwenye tope na mbu. Mimi mzima, Mama naye mzima, ila goti lake limeanza tena kununa kila asubuhi, na ameapa haendi kwa daktari mpaka daktari amtembelee yeye. Mama Pacha hajambo? Na hao mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Waambie dada yao akija atalala yeye hapo juu, ugomvi uishe.

Ndani ya boksi utakuta darubini tano za kituo. Mbili zimeota ukungu ndani ya kioo. Moja ilitumbukia ziwani pamoja na mgeni wake (mgeni tulimtoa). Hizo mbili nyingine sijui zina nini, ukitazama unaona ndege wawili badala ya mmoja. Wageni wanazipenda kweli, wanaondoka wakijisifu. Zitengeneze kama kawaida yako, uzirudishe kwa basi la Ijumaa.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Orodha anakuja.

Najua umeiweka barua chini. Iokote. Ameomba tarehe kumi na nne Septemba, mtumbwi mmoja, mwongozaji mmoja. Anasema amezeeka, macho yanakwenda, na kabla hayajazima anataka kumwona ndege mmoja tu anayekosekana kwenye ile orodha yake ya maisha yote. Bibi Kimya! Ndege yule yule ambaye miaka kumi na minne iliyopita alisema Baba kamtunga ili avutie wageni. Niliisoma barua yake ofisini nikacheka mpaka karani wa mapokezi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna neema.

Maana mimi Bibi Kimya nimemwona, Mjomba. Mara nne tangu Mei, kwenye kona ya matete yaliyoungua, tope likishachomoza. Mgongo wenye mistari mieupe kama Baba alivyoandika, na hasemi kitu, anatembea tu kama mtu anayetafuta sindano. Sijamwambia mtu yeyote.

Sheria ya Daftari Kubwa unaijua, haijabadilika. Ndege mgeni haingii kwenye orodha ya hifadhi mpaka watu wawili waliomwona pamoja waweke saini, siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Baba aliweka yake. Akamsogezea kalamu Bwana Orodha aliyekuwa naye mtumbwini, na yule akajibu maneno manne, "Mimi sikuona kitu, mzee." Wewe ulikuwa nyuma umeinama unachota maji yaliyoingia ndani, hukuona. Kwa hiyo mstari wa pili ukabaki mtupu, na Baba akaitwa mwongo mpaka tukamzika.

Na sasa mkuu mpya wa hifadhi anaandika upya ubao wa langoni, ule wenye majina ya ndege na ya aliyemwona kwanza. Kila mwenye saini moja atafutwa mwisho wa mwaka. Kwa mistari ya zamani ametoa nafasi moja tu, kwamba aliyekuwepo siku hiyo akija mwenyewe na kuapa, anaruhusiwa kusaini mpaka Desemba thelathini na moja. Ningeweza kesho kumwita mwenzangu tusaini wawili, ndege akaingia. Lakini angeingia kwa jina langu, na Baba angebaki mwongo, safari hii kwa rangi ya mafuta.

Kwa hiyo nitampeleka Bwana Orodha mimi. Nitamwonyesha. Ikifika saa ya saini nitamrudishia maneno yake manne. Akitaka saini yangu, asaini kwanza kwenye mstari wa Baba. Naihesabu siku hiyo kwa vidole.

Mpwa wako

19 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku tunasukuma siku. Mama Pacha anakusalimu sana, alikuwa na mafua, yamepona. Mapacha wamegawana kitanda cha juu kwa zamu na wamenifanya mimi hakimu, kazi ambayo siipendekezi kwa mtu yeyote. Mwambie dada yangu goti si la kupuuza, apake mafuta ya moto na aache kubeba ndoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, karakana imejaa miwani za watu. Darubini zako ni hizi. Zile zenye ukungu nimezifungua na kuzisafisha, zisifungiwe tena kwenye begi zikiwa na unyevu. Zile za ndege wawili vioo vilikuwa vimehama, nimevirudisha mahali pake. Wageni watahuzunika.

Kuhusu yule mzee. Mwanangu, mimi nakushauri umwache. Mpe mwongozaji mwingine, wewe siku hiyo chukua likizo. Una kazi nzuri, una mama wa kumtunza, utahatarisha vyote hivyo kwa kindege cha miguu ya kijani kisicho hata na sauti? Baba yako mwenyewe alishasamehe. Waliokufa hawasomi mbao za langoni.

Njoo utupumzikie huku wiki mbili, hasa hiyo ya Septemba.

Mjomba wako

2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema mafuta amepaka, ndoo hataacha. Darubini zimefika, zinaona vizuri mpaka inakera.

Alisamehe? Nani kakwambia? Wewe uliondoka kwenda mjini wiki tatu baada ya siku ile, kwa hiyo ngoja nikusimulie usiyoyajua. Walimnyang'anya mtumbwi wakampa panga la kufyeka nyasi za langoni. Waongozaji aliowafundisha yeye mwenyewe wakimpita na wageni walikuwa wakisema, "Mzee, leo umetunga ndege gani?" Naye anacheka nao. Anacheka! Jioni anakuja nyumbani anakaa na ile miguu yake yenye majani, hasemi neno mpaka chakula kinapoa. Hiyo unaiita kusamehe?

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoanza kumchukia Bwana Orodha, na sijapumzika hata siku moja. Miaka miwili baadaye ulikuja mazikoni, ukanipa darubini yangu ya kwanza mbele ya watu, ukaniambia niangalie mbele. Sitasahau. Umenisomesha, umekuwa baba yangu wa pili. Ndiyo maana nakuandikia wewe na simwandikii mtu mwingine. Usinipoze, Mjomba. Nataka uwe upande wangu.

Likizo sitaki. Septemba nina mgeni.

Mpwa wako

30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima. Mimi usingizi umepungua kidogo, ni umri.

Niko upande wako siku zote, hilo usilitilie shaka. Kama lazima umpeleke, mpeleke. Mwonyeshe ndege, mnyime saini, mrudi. Nakuomba jambo moja tu, usimwulize habari za siku ile. Mzee kama yule anasahau, anachanganya watu, anaweza kukutia maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Ndege tu. Zaidi ya ndege usimwulize.

Mjomba wako

17 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sisi tuko salama. Goti la Mama halijambo.

Alikuja na fimbo na kofia ya ukili, na boksi la biskuti alizoleta kwa ajili ya "mwongozaji wangu". Nilijiandaa kwa kila kitu, Mjomba, isipokuwa biskuti. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Yeye nilimkalisha mbele, mimi nikasimama nyuma na upondo wa kusukumia mtumbwi. Yangeyange walikuwa wamejaa, mdiria mmoja akapita kwa kasi karibu na kofia yake, minandi wamekaa kwenye mti mkavu wametandaza mabawa. Kila ndege alimpigia alama kwenye daftari lake, hata wale aliowaona mara elfu. Nilikuwa naangalia kisogo chake muda wote nikiwaza, ndicho hiki.

Saa mbili kasoro tukafika kwenye matete yaliyoungua. Nikachomeka upondo, tukanyamaza. Nadhani tulikaa nusu saa. Bibi Kimya akatoka, akatembea hatua tisa juu ya tope mbele yetu kabisa, nyuma ya nyasi fupi, akasimama, akanyanyua mguu, akarudi ndani. Yule mzee hakuwahi hata kuinua darubini. Akageuka, machozi yanamtiririka, ananiambia, "Umemwona? Umemwona, mwanangu?"

Nilichomoa upondo, nikarudi nchi kavu.

Ofisini akaandika mstari wake taratibu kwa mwandiko wa shule, akasaini, akanisogezea kalamu. Mkuu wa hifadhi amesimama hapo, karani amesimama hapo. Nikasema, "Mimi sikuona kitu, mzee."

Aliinua kichwa akaniangalia usoni. Halafu akasema polepole, "Wewe ni mtoto wake."

Nikawaomba mkuu na karani watupishe. Nikamfungulia ukurasa wa Baba, nikamwekea kalamu mkononi. Saini hapa, na mimi nasaini pale, jua bado liko juu. Akausoma mstari wote, akainama kabisa mpaka pua inagusa karatasi. Kisha akalaza kalamu. Akasema hawezi. Siku ile alikuwa anafuta miwani, na alipoirudisha usoni ndege kashaingia. Hakuona kweli. Ubaya wake, kasema, ni kumwita Baba mtungaji, kwa sababu hakuweza kuvumilia mwongozaji kaona na yeye kakosa. Hilo amelikubali mbele yangu na ameniomba radhi. Radhi sikumpa.

Halafu akasema, "Aliyeona ni yule wa nyuma."

Nikamwambia wa nyuma alikuwa anachota maji. Akatikisa kichwa. Kasema wa nyuma alikuwa amesimama na upondo, na ndiye aliyemwona kwanza, akasema "Huyo, kushoto," ndipo Baba akageuka. Na jioni hiyo, kabla jua halijazama, huyo wa nyuma alimfuata nyumba ya wageni akamwuliza kama ile nafasi ya kujifunza ufundi wa vioo mjini, aliyoitaja asubuhi, bado ipo. Bwana Orodha akamwuliza, "Kwani wewe leo uliona nini?" Akamjibu, "Nilikuwa nachota maji." Barua ya kukupeleka mjini iliandikwa hapo hapo.

Nilitaka kumpiga kwa lile daftari. Nikakumbuka barua yako ya Julai.

Nimeitoa, iko hapa mbele yangu. "Kindege cha miguu ya kijani." Baba aliandika mgongo, mistari na mkia. Miguu hakuiandika, kwa sababu aliyekaa mbele nyasi zinamzuia. Mimi naiona kwa kuwa nasimama nyuma. Sijawahi kukuandikia rangi ya miguu, Mjomba. Umeitoa wapi?

Jua lilizama, saini sikuweka. Bwana Orodha hakubembeleza, alipanda gari akaenda zake bila ndege wake. Nilidhani nitasikia utamu. Nilisikia, sitakudanganya, kama dakika tano hivi.

Biskuti nimewapa samaki.

Mpwa wako

22 Oktoba

Mjomba,

Boksi limefika Ijumaa. Darubini tatu zimetengenezwa, zimefungwa vizuri kwenye magazeti. Nimekunjua gazeti moja moja. Barua hamna.

Mama ananiuliza mbona kaka yake yuko kimya. Nimemwambia una kazi nyingi. Sijamwambia kitu, na sijamwambia kwa sababu nikimwambia atakusamehe, namjua. Mimi bado nataka kukushika mwenyewe.

Zimebaki siku sabini mwaka uishe.

12 Novemba

Mpwa wangu,

Nimeandika barua sita nikazichana zote. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Nilimwona. Nilimwona kabla ya baba yako. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, ninasukuma mtumbwi wa shemeji yangu, ninalala kwenye chumba cha shemeji yangu, ninavaa mashati aliyochoka nayo shemeji yangu. Asubuhi ile yule bwana alikuwa amesema kuna karakana mjini inatafuta kijana wa kufunzwa. Nilipoona wanabishana ofisini nikajua nikisaini tu, nimemwaibisha yule bwana, na barua sipati. Nikawaza, shemeji ana kazi yake, ana jina lake, neno la mgeni mmoja litamfanya nini? Wiki mbili yatakuwa yamesahaulika. Nilikuwa mpumbavu, lakini sikuwa mpumbavu kiasi cha kutojua nafanya nini.

Niliposikia wamempa panga nilitaka kurudi. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Halafu ikaja simu ya msiba. Ile darubini niliyokupa mazikoni ndiyo ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na nilikupa kwa sababu sikuweza kukutazama bila kukupa kitu. Na ada za shule vivyo hivyo. Sasa unajua.

Kitu kimoja kinanipa nafuu, nacho ni kibaya, ila nakiandika. Baba yako hakujua. Aligeuka kushoto nilipotamka "huyo", ila nadhani alifikiri ni sauti ya mgeni. Alikufa akidhani nilikuwa nachota maji. Angalau hakufa akinichukia.

Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mjomba wako, kama bado unaniita hivyo

25 Novemba

Mjomba,

Njoo usaini. Tarehe kumi na nane Desemba, saa nne asubuhi, mkuu wa hifadhi atakusubiri. Nimemwambia aliyekuwa nyuma amepatikana. Utaapa mbele yake na mbele ya waongozaji wote, maana waliomcheka Baba wengine bado wako kazini, na nimewaomba wawepo. Kwenye safu ya maelezo utaandika mwenyewe kwa nini umechelewa miaka kumi na minne.

Mimi sitakuwepo. Siku hiyo nitakuwa na wageni upande wa pili wa ziwa, nimejipangia hivyo. Usilale nyumbani kwetu. Basi la kurudi ni saa nane.

Mpwa wako

21 Desemba

Mjomba,

Mama anakusalimu. Amejua. Karani alimwambia langoni kabla mimi sijafika. Amelia, kisha akauliza kama ulikula kitu kabla ya kupanda basi. Nilikwambia.

Nimeuona mstari. Saini yako imekaa vizuri, wino haukuchuruzika. Na kwenye maelezo umeandika, "Nilimwona kwanza. Nilinyamaza kwa faida yangu. Mwenye mstari huu hakuwahi kudanganya." Wanasema uliapa kwa sauti ya kusikika, na kwamba yule mwongozaji mwenye kipara, ambaye kila asubuhi alimwuliza Baba ametunga ndege gani, alitoka nje, hakurudi mpaka saa sita. Nimefurahi. Jana fundi rangi ameandika ubao. Bibi Kimya yumo, na pembeni yake jina la Baba, kwa herufi nyeupe ndefu kama mkono wangu.

Kwa hiyo Baba amepata chake. Sasa na wewe upate chako.

Ulikosea, Mjomba. Baba alijua.

Mwaka ule alipopewa panga, kila Ijumaa basi la mjini lilipofika alikuwa anaacha kufyeka, anajifuta mikono, anasimama pale langoni mpaka abiria wa mwisho ashuke. Mimi nilidhani anapumzika. Septemba, baada ya Bwana Orodha kuondoka, nilirudi peke yangu kwenye ukurasa wa Baba nikauinamia kama alivyouinamia yule mzee. Ule mstari wa pili haukuwa mtupu. Kulikuwa na maandishi ya penseli, membamba, ya mkono wake. Aliandika, "Shemeji. Atasaini akiwa tayari. Asiharakishwe."

Alikuwekea nafasi. Hakumwambia mkuu, hakumwambia Mama, hakuniambia mimi. Alikubali kuitwa mwongo huku jina lako analo, na neno moja lake lingetosha. Miaka miwili alikungoja kwenye basi.

Ulipokuja tarehe kumi na nane hukuyaona maandishi hayo. Usijilaumu, macho yako mazima. Niliyafuta mimi, tarehe kumi na saba saa kumi jioni, kwa kifutio cha karani. Mkono wa Baba, nimeufuta kwa mkono wangu, na nililia nikiufuta, lakini niliufuta. Kwa sababu ungeyasoma mbele ya watu ungelia, na watu wangekushika bega, wangesema masikini, kumbe alishasamehewa. Sikutaka usaini huku umesamehewa. Nilitaka usaini kama Baba alivyosaini, peke yako, wote wanakutazama.

Alikusamehe yeye. Mimi sijui nitaanza lini, na usiniharakishe.

Darubini za kituo usisumbuke nazo tena, tumepata fundi mwingine. Yangu ile ya kwanza ninayo bado.

Na hivyo vichembe vya kijivu vilivyokumwagikia mezani ulipofungua bahasha, usivipulize. Si uchafu. Nilivikusanya kwenye ukurasa kimoja kimoja. Ndiyo maneno ya Baba, yote, hayakosi hata herufi.

Mpwa wako